Tamko la Pwani Tupu

Siku ile kijijini Mtondwe walikuwa na msiba, na msiba huo ndio uliowaponza.

Nyamizi Kapela hakuwa na habari bado. Saa mbili asubuhi alisimama mbele ya meza ya ramani katika Kituo cha Usukani, kikombe cha chai ya tangawizi kikimpoa mkononi, akitazama Kimbunga Shada kikizunguka baharini kwenye kioo. Kilikuwa kizuri kukitazama, hilo hakuna aliyebisha. Aliyekipa jina la ua alikiona akiwa mbali.

"Kitaingia Jijini saa kumi jioni," alisema Dokta Ruhinda, mkurugenzi wa Kituo. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto, na kwa sauti hiyo hiyo alitaja vifo. "Elfu kumi na moja, na hayo ni makadirio ya chini. Tukikigeuza kusini, kitaingia Mtondwe."

"Mtondwe kuna watu, Dokta."

"Mia sita na kumi na wawili. Ndiyo maana nimekuita."

Wako wanaodhani kimbunga hugeuzwa kwa mizinga au kwa uchawi. Kazi yenyewe ni ya kijinga kuliko hapo. Kimbunga hula joto la bahari. Kwenye maji ya vuguvugu hunenepa, kwenye maji baridi hukonda. Basi Kituo kilikuwa kimetia nanga pampu mia tatu huko mbali baharini, kila moja ina mrija mrefu unaovuta maji baridi kutoka kilindini na kuyamwaga juu. Ukiziwasha zote hupati kitu, maana kimbunga ni kikubwa mno kuuawa kwa ubaridi. Lakini ukiwasha za upande mmoja tu, kitaegemea upande wenye joto, kama mbuzi anavyofuata majani mabichi. Kitahama kilomita hamsini, pengine sitini. Hakifi. Kinakwenda kwa mtu mwingine.

Waliotunga sheria ya Usukani walimwogopa Mungu kidogo, na mahakama zaidi, wakaweka sharti: pampu haziwashwi mpaka pwani itakayopokea kimbunga itamkwe kuwa tupu. Mkurugenzi hana uwezo wa kulitoa tamko hilo, wala waziri. Kila kipande cha pwani kilikuwa na mtazamaji wake, mtu aliyewahi kuishi pale akajulikana, na mashine iliyoziendesha pampu ilikubali sauti yake peke yake.

Sharti jingine halikuandikwa popote. Mwaka wa kwanza watu waliohamishwa walielezwa redioni kwamba kimbunga kinageuziwa kwao. Wakakaa barabarani na mapanga, wakasema kimbunga cha watu wa Jiji kiwaue watu wa Jiji. Tangu hapo redio ikaachwa iendelee kutangaza njia ya mwanzo ya kimbunga, na mtazamaji akapewa kazi ya kuwatoa watu kwa maneno yake mwenyewe, yoyote atakayoona yanafaa.

Mtazamaji wa Mtondwe alikuwa Nyamizi. Alikaa pale miaka miwili wakati pampu zinatiwa nanga, akapanga chumba kwa mvuna chumvi mmoja aitwaye Havijawa Kondo, na alipoondoka wanawake walimsindikiza mpaka njia panda. Nyamizi ni Mnyamwezi. Mtondwe ni Wazaramo. Makabila haya ni watani tangu enzi za misafara, na utani si mzaha wa kijiweni. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Na penye msiba ndipo unapokolea: mtani huja kuvuruga kilio, akajitia wazimu, akasema yasiyosemeka, mpaka apewe kitu anyamaze. Hiyo ni kazi, tena ya heshima, kwa sababu mfiwa asipochekeshwa huvunjika. Mwaka jana, alipofariki mama yake Havijawa, Nyamizi alikaa kizingitini akazuia jeneza lisitoke mpaka akapewa jogoo. Walimsifu mwezi mzima.

"Wanakupenda," alisema Dokta Ruhinda. "Watakusikiliza. Mabasi kumi na mawili yako njia panda tangu alfajiri. Ila ikifika saa nne hujatamka, pampu hazitawahi tena."

Dokta alikuwa amesoma mengi, lakini hajawahi kuzika na watani.

*

Havijawa alipokea simu kwa kelele, na nyuma yake palikuwa na kelele nyingine kubwa zaidi: masufuria, watoto, wanawake wakiitana.

"Mtumwa wangu! Umepotelea wapi? Mzee Shomvi katutoka jana jioni. Yuko ndani, kagoma kuzikwa mpaka uje umtukane!"

Mzee Shomvi alikuwa mwenyekiti wa mashamba ya chumvi. Msiba wa mtu kama huyo haubakizi mtu nyumbani.

"Havijawa, shoga yangu, nisikilize. Ondokeni sasa hivi. Acheni kila kitu mpande mabasi. Kimbunga kinakuja kwenu."

"Redio imesema kinakwenda Jijini. Na huku kwetu jua linawaka, nimeanika hata mchele."

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Angesema kuna sumu imemwagika, au kuna wanajeshi wanakuja, au lolote lile. Lakini Havijawa alikuwa rafiki yake, na Nyamizi, maskini, akaona rafiki anastahili ukweli.

"Tunakigeuza sisi. Hapa Kituoni. Tunakitoa Jijini tunakileta kwenu."

Havijawa akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Ngoja! Usimalize, nakuweka kwenye spika!"

Nyamizi akaisikia simu ikikwaruzwa, halafu akasikia pumzi zake mwenyewe zikitoka kwenye spika kubwa ya msibani. "Jamani eeh!" Havijawa alipaza sauti. "Mtani wetu kapiga simu! Mnyamwezi anasema katuletea kimbunga!"

Uwanja mzima ulicheka. Mtu mzima mmoja akapiga kelele, "Mwambie atuletee na mchele, huu hautoshi!" Mwanamke akadakia, "Babu zake walibeba pembe, yeye kabeba kimbunga!" Wakacheka tena.

"Sitanii!" Nyamizi alipiga ukelele. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, sitanii! Mtakufa wote! Mwacheni Mzee Shomvi huko ndani, amekwisha kufa, ninyi mko hai!"

"Haya, na mama yake kamwingiza!"

"Na marehemu tumtelekeze! Ebo!"

Akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi, mbele ya mafundi wa Kituo walioinamisha nyuso zao kwenye vioo. Kule Mtondwe wakampigia makofi. Alimsikia bibi mmoja akimwambia mwenziwe kwamba huyo ndiye mtani, wengine siku hizi wanakuja msibani hata machozi ya uongo hawana.

Havijawa akaitoa simu kwenye spika. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Shoga, ahsante. Yule mjane hajatia kitu mdomoni tangu jana. Sasa hivi kacheka, kaomba uji."

"Havijawa, mimi sitanii."

"Kwani mtani hutania?" alijibu Havijawa, bado akicheka. "Mtani husema kweli tupu." Akakata simu awahi jikoni.

*

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, nao hawakuwa na habari za pampu. Nyamizi alipiga tena mara tisa. Mara mbili simu ilipokelewa na watu wengine, wakacheka hata kabla hajasema neno. Akampigia Bwana Chande, msimamizi wa madereva pale njia panda, akamwamuru aingize mabasi kijijini na awapakie watu hata kwa nguvu.

Saa tatu na nusu Chande akampigia.

"Dada, nimeongea nao. Wamesema watapanda baada ya kuzika, saa saba. Watu waungwana sana. Wametupa ubwabwa na maharage."

"Wewe umewaambia nini?"

"Nilichoandikiwa. Waondoke kwa tahadhari. Sasa, dada, niwaambie tahadhari ya nini, na redio yao iko pale inasema kimbunga kinakwenda kwingine? Nikajaribu kuwa mkali. Wakaniuliza kama na mimi ni Mnyamwezi."

"Saa saba mtakuwa mmechelewa. Barabara ya mikokoni itafunikwa na maji saa sita."

"Basi niwabebe na maiti yao?" aliuliza Chande, na alikuwa anauliza kweli. "Sina uwezo wa kumnyanyua mtu na msiba wake, dada. Hata wewe hungeweza."

*

Saa nne kasoro dakika kumi Dokta Ruhinda alivuta kiti akaketi karibu naye. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tangaza redioni," Nyamizi alisema. "Waambie mwenyewe, kwa jina lako."

"Dakika kumi, Nyamizi. Wewe wanaokujua umewaambia kwa saa mbili, wamekupigia makofi. Nami nikitangaza, wenye magari kusini kote watakimbilia barabara moja. Nitawaua nisiowajua ili nijaribu kuwaokoa wasiotaka."

"Basi siwezi kutamka. Pwani si tupu."

"Sikulazimishi." Alisema hivyo kwa upole ule ule, na Nyamizi akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. "Ukisema si tupu, mashine italala, na mimi nitakuandikia kwamba ulifuata sheria. Saa kumi jioni utafungua televisheni."

"Nikitamka, mabasi yatabaki?"

"Unajua hayabaki. Mashine haiachi mabasi kwenye pwani tupu. Yatarudishwa Jijini, umeme utakatwa, minara ya simu itazimwa. Wewe ndiye uliyewafundisha wenzako."

Ni kweli, alikuwa amewafundisha yeye, kwa ubao na chaki ya rangi.

Hakuwa na ndugu Jijini. Laiti angekuwa na hata shangazi mmoja kule, mwenye chumba cha kupanga na jiko la mkaa, angejua anamwokoa nani. Aliokuwa nao ni elfu kumi na moja wasio na sura, na upande wa pili mia sita aliowajua mpaka majina ya kuku wao. Akajaribu kuwapima akashindwa, maana sura moja ya Havijawa ilizidi lile rundo lote, na kwa sababu ilizidi akajiona mwovu. Akajiambia wataona mawingu watakimbia. Akajiambia ghala la chumvi liko juu kidogo. Binadamu akitaka kutenda jambo hakosi wa kumdanganya, na akikosa hujidanganya mwenyewe. Nyamizi alijua ghala la chumvi liko mita tatu tu juu ya bahari. Alilipima yeye.

Saa nne kasoro dakika moja mashine iliuliza, kwa sauti ya kike, ya adabu: "Mtazamaji wa Mtondwe, pwani yako iko katika hali gani?"

Nyamizi akalamba midomo.

"Tupu," alisema.

Pampu mia na arobaini za kaskazini zikawaka. Ilichukua sekunde nne. Dokta Ruhinda akamshika bega, akamwambia ameokoa watu wengi leo, na Nyamizi akainuka akaenda kuitapika chai yote kwenye sinki la mafundi.

*

Kwa saa moja hakuna kilichobadilika, hata fundi mmoja akanong'ona kwamba pengine mashine imegoma. Kisha Shada kikasita. Kikayumba kidogo kama mlevi aliyesahau nyumba yake, halafu kikashika njia ya kusini.

Minara ilizimwa saa nne na dakika tano. Alipopiga namba ya Havijawa alijibiwa kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Hata hivyo aliendelea kupiga mpaka simu yake ikaisha chaji.

Saa saba na dakika kumi wingu lilipasuka, setilaiti ikapata picha moja. Mstari wa kanzu ulitoka kijijini kuelekea makaburini, na mbele yake kitu cha mstatili kilichofunikwa kwa nguo ya kijani. Mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha. Hawakuonekana kukimbia. Mabasi yote yalikuwa yameondoka, na yamkini hakuna aliyeyakumbuka, maana mtu aliye msibani hatazami barabarani. Wingu likafunga.

Kilichobaki ni kipimo cha maji. Nyamizi mwenyewe alikifunga kwenye lango la mashamba ya chumvi miaka mitatu nyuma, kikiwa na betri yake, na kazi yake ilikuwa kutuma namba moja kila baada ya dakika tano. Hakijui pwani tupu na pwani yenye watu. Saa tisa kilisema mita moja na nusu juu ya kawaida. Saa tisa na nusu, mbili na nusu. Saa kumi kasoro robo, mita nne, na Nyamizi akajua ghala la chumvi limekwenda. Saa kumi kamili, tano na nusu. Saa kumi na dakika tano, sita na nusu. Saa kumi na dakika kumi hakikutuma kitu.

Mafundi walikwenda nyumbani mmoja mmoja wakimpita bila kumsemesha. Jijini mvua ilinyesha, mabati yaliruka, na watu watatu walikufa. Usiku mitandao ilijaa shukrani. Kuna aliyeandika kwamba kimbunga kimeliogopa Jiji, akapata wengi wa kumuunga mkono.

*

Walipona arobaini na mmoja.

Siku ya tatu Nyamizi alifika kwa lori la maturubai. Watu wa Kituo walimkataza, akawapa kitambulisho chao wakae nacho. Msibani mtani hakosi, na huu ulikuwa msiba wa kijiji kizima. Mfukoni alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na nakala ya tamko, saa na sauti, kama kila mtazamaji anavyopewa. Alikuja nayo makusudi. Alitaka wamsikie, kisha wamfanye watakavyo, na njia nzima aliomba wawe na mapanga.

Mtondwe haikuwa na kitu cha kuitwa Mtondwe. Palikuwa na matope meupe ya chumvi, minazi iliyokatwa vichwa, na harufu. Wanaume kumi na saba walikuwa wakichimba shimo refu, moja la wote, kwa sababu walio wengi hawakutambulika. Maji yalikuwa yakipanda chini ya miguu yao. Walichota kwa ndoo na kuchimba, wakachota na kuchimba. Mzee Pazi, mdogo wake marehemu Shomvi, ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Alikuwa amepoteza wake wawili na watoto wote.

"Mtani wetu amekuja," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Nyamizi alishuka kwenye matope mpaka ukingoni mwa shimo.

"Ni mimi niliyewaua," alisema. "Nilijua mko hapa. Nikaulizwa kama pwani ni tupu, nikasema tupu. Mabasi nimeyaondoa mimi. Simu nimezizima mimi. Wote hawa, mimi ndiye niliyewaua."

Mzee Pazi alimtazama. Midomo ikamcheza. Mtu wa pili akatoa sauti kama ya kukohoa, kisha wa tatu, na mara wote kumi na saba wakawa wanacheka, ndoo zikawaanguka, wengine wakaketi chini kwenye matope wakishika mbavu, wakicheka na kulia pamoja, kicheko kibaya, kirefu, kisichotaka kuisha.

"Kaua peke yake!" alisema mmoja. "Mnyamwezi! Hata kuku hawezi kumchinja!"

"Nasema kweli!" alilia Nyamizi, na hilo likawazidishia.

Mzee Pazi alijifuta macho kwa mkono wenye matope. "Mungu akuweke, mwanangu," alisema. "Tangu juzi sijui kama nina kifua. Sasa nenda pale kwenye turubai, waambie na wanawake. Havijawa yupo. Hajafungua kinywa tangu tumtoe mtini, hata maji hataki. Mwambie hayo hayo. Labda atacheka."

Akaenda. Angefanya nini? Havijawa alikuwa ameketi peke yake mwishoni mwa turubai, kanga ya mtu mwingine mabegani, mikono imechubuka mpaka kwenye nyama kwa kushikilia mti. Mumewe na watoto wake wawili walikuwa kule shimoni, au baharini. Nyamizi akapiga magoti mbele yake. Hapa hakupaza sauti.

"Ni mimi niliyewaua, Havijawa. Nilitamka tupu."

Havijawa hakucheka. Alimtazama usoni, na Nyamizi akaona kwamba huyu anaelewa, huyu peke yake katika dunia nzima atamwamini, na akahisi kitu kama raha.

"Usinibebee," alisema Havijawa. Hiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza kwa siku tatu, na wanawake wengine wakageuka kusikiliza. "Wewe ulitwambia. Uliapa mpaka kwa mama yako. Mimi ndiye niliyeishika simu. Ni mimi niliyewaambia watu ni utani. Mwanangu mkubwa aliniuliza, mama, tuondoke? Nikampiga kofi, nikamwambia asiwe mjinga." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyewaua. Usije ukawaambia watu ni wewe ili kuniponya mimi. Nakujua ulivyo na huruma."

Mkono wa Nyamizi ulikuwa mfukoni, juu ya simu. Sauti yenyewe ingechukua muda mfupi kuliko chafya. Swali, halafu neno moja, na Havijawa angetuliwa mzigo ule papo hapo, na mwenye mzigo angejulikana.

Mwanamke mmoja akaja na kikombe cha uji. Havijawa alikipokea, akanywa funda moja, kisha la pili, na wanawake wakamshukuru Nyamizi kwa macho. Mmoja wao akamsogezea mkeka akae. Nyamizi akautoa mkono mfukoni, mtupu, akamshikia rafiki yake kikombe mpaka uji ukaisha.